Rupia Iliyokataa Kulia

Sarafu ya kwanza ya fedha niliyonunua maishani ilikuwa feki, na mtu aliyeniambia hivyo hakuhitaji hata kuitazama. Ilikuwa rupia ya Mjerumani, ile yenye picha ya mfalme wao amevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia ametua ndege. Niliinunua kwa mchuuzi aliyekuwa ametandaza saa mbovu na shanga kwenye turubai, mtaa wa Mabatini. Niliinunua kwa sababu iling'aa. Nikaipeleka kwa fundi saa wa mtaa uleule, mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye watu wote wenye sarafu za kale mjini Mwanza humwendea. Aliinua ile sarafu kidogo juu ya kioo cha meza yake, akaiachia. Ikasema tak.

"Bati," alisema, akaendelea na saa aliyokuwa anaifungua.

Nadhani alinionea huruma, maana baadaye alitoa rupia yake mwenyewe kutoka kwenye droo akaiangusha palepale. Hiyo ililia. Ilitoa sauti nyembamba, ndefu, ikabaki hewani hata baada ya yeye kuifunika kwa kiganja.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari. Kazi yangu ni kupima vitu, na nimeifanya kwa miaka mingi kuliko umri wa wanafunzi wangu. Kwa hiyo kudanganywa na kipande cha chuma kuliniuma sana, kuliko hata hela yenyewe. Mume wangu alicheka wiki nzima. Nikaamua kwamba haitatokea tena.

Ile feki ndiyo niliyoanza nayo. Niliiweka chini ya lenzi nikaona uso wake umejaa vitundu vidogo kama vya uji unapochemka, kwa sababu ilikuwa imemiminwa kwenye kalibu, haikugongwa kwa mashine. Ukingoni palikuwa na mstari mwembamba, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Herufi zake zilikuwa za mviringo, laini, kama maandishi ya kwenye sabuni iliyokwisha kutumika. Kisha nikaanza kwenda kwa fundi saa kila nilipopata nafasi, ananiruhusu nitazame zake. Niliona kwamba sarafu halisi huchakaa kwa utaratibu: shavu la mfalme linaanza, kofia inafuata, lakini katikati ya herufi, mahali ambapo vidole havifiki, weusi wa miaka unabaki. Anayeisugua kwa majivu ili ing'ae anaiharibu. Hayo yote nilijifunzia kwenye meza ya yule mzee, na nilimheshimu. Naligusia hili ili ieleweke kwa nini siku ile ilikuwa ngumu kwangu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli ya wateja pale dukani akaingia mama mmoja mwenye kanga safi na futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, kama vile ametoka kazini bila kukumbuka kuivua. Alikuwa fundi cherehani kutoka Nansio, ng'ambo ya ziwa, amekuja na meli ya asubuhi. Alifungua leso akatoa rupia nyeusi, nyeusi kweli, akaiweka mezani.

"Ni ya bibi yangu," alisema. "Tulipogawana vitu, kaka zangu walichukua ng'ombe na shamba. Mimi nikapewa hii. Nataka kujua thamani yake, niiuze ninunue cherehani ya umeme."

Fundi saa aliiinua, akaiachia.

Tak.

"Pole mama. Bati hili."

"Bati?"

"Ya fedha inalia. Hii hailii. Kama unataka, naweza kuichukua wajukuu waichezee, nikupe nauli ya kurudia."

Yule mama alianza kuikunja leso polepole, pembe kwa pembe. Baadaye aliniambia alikuwa anawafikiria kaka zake, jinsi watakavyocheka.

"Shikamoo mama," nilimwambia. "Naomba niione."

"Marahaba. Tazama tu, mwanangu."

Niliigeuza ukingo. Vimeno vilikuwa wima, vimepangana, hakuna mstari wa kalibu. Shavu la mfalme lilikuwa limelika, lakini herufi zilisimama. Weusi ulikuwa umejificha pale unapopaswa kujificha. Macho yangu yaliniambia ni halisi, na masikio yangu yalikuwa yamesikia kilekile alichosikia mzee. Tak ni tak.

"Mzee," nikasema, "mimi naona kama tuipime."

"Sumaku haishiki fedha, na shaba pia haishiki. Utapima nini?" Hakuwa na hasira. Alikuwa na uhakika. "Sikio langu halijawahi kukosea. Hata ile rupia yako wewe ilikuwa feki, si nilikuambia?"

Kweli aliniambia. Nikamgeukia yule mama nikamwomba twende shuleni kwangu. Alinitazama, nadhani akijiuliza mimi ni tapeli wa aina gani, kisha akasema, "Twende. Lakini sarafu naishika mimi."

Na aliishika mpaka maabara. Niliweka mizani ya umeme mezani, akaweka sarafu juu yake mwenyewe: gramu kumi na moja na nukta nne. Kidogo pungufu ya rupia mpya, kama inavyotakiwa kwa sarafu iliyotembea mikononi. Lakini uzito peke yake hauthibitishi kitu, mtu anaweza kutengeneza feki yenye uzito huohuo. Nikachukua glasi ya maji, nikaiweka juu ya mizani, nikarudisha mizani kwenye sifuri.

"Sasa tunaitumbukiza ikiwa imening'inia, isiguse chini," nilimweleza. "Mizani itatuambia imesukuma maji kiasi gani. Fedha ni nzito kwa ukubwa wake. Ukigawa uzito kwa maji, rupia halisi inatoa kumi na kidogo. Shaba na nikeli hazifiki hata tisa. Risasi inapita kumi na moja."

"Nipe uzi," alisema.

Nilihangaika na fundo mara mbili, akaniondoa mkono. Vidole vyake viliizungusha ile sarafu mara moja tu, fundo likakaa kama limezaliwa nalo. Akaishusha majini, mkono wake haukutikisika hata chembe. Mizani ikasita, ikapanda, ikatulia. Moja, nukta moja moja.

Nilipiga hesabu kwenye simu. Nikairudia kwa karatasi, kwa kuwa sikuziamini tarakimu. Kumi na robo, na kidogo.

Sitaficha kilichonipitia kichwani wakati huo. Yule mama hakujua kusoma kioo cha mizani. Ningeweza kusema "pole", nikampa nauli mara tatu, akaondoka akinishukuru, na mimi ningebaki na rupia ambayo nimeitamani miaka. Wazo lilikuja, likakaa muda wa pumzi mbili hivi. Halafu niliona bado ameushika uzi, ameinama, anaitazama sarafu yake ndani ya maji kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Mama, ni fedha," nikasema. "Ni halisi."

Akakaa chini kwenye benchi la wanafunzi. Akacheka, akajifuta macho kwa futi yake, akacheka tena.

Lakini sikuridhika. Kwa nini haikulia? Niliiweka chini ya lenzi nikailaza taa ya simu pembeni ili mwanga ukwaruze uso wake. Ndipo nikaliona: duara dogo, jembamba kama unywele, juu kabisa ya kofia, pale alipokaa ndege. Na ndege mwenyewe alikuwa na kasoro, manyoya yake yamechorwa kwa mkono, shingo fupi kuliko ya wenzake.

"Ilikuwa na tundu," nilimwambia. "Mtu akaliziba kwa fedha nyingine, akamchonga ndege upya. Ndiyo maana hailii, mlio unakatikia kwenye kiungo."

"Bibi aliivaa shingoni kama hirizi," alisema taratibu. "Alipobatizwa akaivua. Mimi nilikuwa mdogo. Sikujua kama aliipeleka kwa fundi."

Nilimweleza ukweli wote: ni halisi, ila tundu lililozibwa linashusha bei yake kwa wanunuzi, na asikubali mtu amwambie ni bati, wala kwamba ni nzima kabisa. Kisha nikamwambia kwamba naitaka mimi, nikataja bei niliyoiona ya haki.

Aliikunja sarafu ndani ya leso. "Kwanza turudi kwa yule mzee," alisema.

Tulirudi. Nilimpa fundi saa lenzi yangu nikamwonyesha lile duara. Aliitazama pande zote mbili. Aliomba maji, akapima mwenyewe kwa mizani yake ndogo ya kupimia dhahabu, akapima tena, akavua miwani.

"Nimekosea," alisema. Hakutafuta maneno mengine, na hilo nalo nililiheshimu. "Nisamehe, mama. Naichukua mimi." Akataja bei juu ya yangu.

Yule mama alivuta stuli akakaa katikati yetu, magoti pamoja, mikono juu ya leso. "Na wewe mwanangu unasemaje?"

Nikaongeza. Mzee akaongeza. Nikakumbusha kuhusu tundu, mzee akasema ndege wa kuchongwa kwa mkono hajamwona popote, ndiye anayemtaka hasa. Nikaongeza tena, nikijua kabisa kwamba nisingepima maji asubuhi ile nisingekuwa najipandishia bei namna hii. Mama wa Nansio aligeuza kichwa huku na huku kama anayefuatilia mpira, na kila bei iliyotajwa ilimnyoosha mgongo zaidi.

Mwishowe mzee aliinua mikono. "Mpe yeye. Yeye ndiye aliyeiona."

Nilimtumia hela kwa simu palepale. Aliposoma ujumbe, alisimama, akapiga simu Nansio kwa kaka yake mkubwa, na mbele yetu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akamwomba ampelekee fundi umeme akamwekee soketi karibu na dirisha lake. Hakueleza kwa nini. Akakata simu huku kaka bado anauliza.

Aliponikabidhi leso, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akakimbilia meli. Mimi nikashuka na barabara, sarafu ndani ya mfuko wa ndani wa mkoba, hela karibu zote zimekwisha. Nikanunua hindi la kuchoma kwa zilizobaki, nikalila nikitembea, mtu mzima mimi, nacheka peke yangu mchana kweupe.