Bara Hindi Chini ya Kitanda cha Bibi

Sisi tuliokulia Amu, kisiwani Lamu, kabla stima haijafika kila nyumba, tulikuwa tukienda Bara Hindi kila alasiri baada ya chuo cha Kurani, na tukirudi kabla ya magharibi. Usinicheke, msomaji wa rika langu, huenda nawe ulikuwa na safari zako. Yetu ilianzia chini ya kitanda cha bibi yangu, kile cha samadari kirefu ambacho mtu hukipanda kwa kibao, na kiongozi wa safari alikuwa Hansa.

Hansa alikuwa binti wa Bwana Kanji, Mhindi mwenye duka la bizari lililopakana na nyumba yetu. Alizaliwa Amu kama mimi, akasema Kiamu kama mimi, na Bara Hindi hakuwahi kuikanyaga. Lakini kwa kuwa ilisemwa ndiko kwao, sote tulikubali kwamba anaijua. Alituambia huko ng'ombe hupishwa njiani kama sheikh, kuna mlima ambao mvua yake huanguka imeganda, na treni ni ndefu hata abiria wa mbele akifika, wa nyuma bado anaaga nyumbani. Tulimwuliza maswali mpaka akachoka. Asubuhi wanakula nini? Kuna punda? Wakigombana hutukanana kwa lugha gani? Pale alipokosa jibu alisema, "Hilo mtaliona tukifika," nasi tukaridhika.

Mizigo tulifunga kweli. Kifuu cha nazi kilikuwa birika, pakiti tupu ya sigara ilikuwa pasipoti, na masurufu yetu yalikuwa mabuyu yaliyotutia wekundu midomoni, pamoja na bajia alizotufungia mamake Hansa kwenye karatasi ya gazeti. Harufu ya bizari ilikuwa ikipenya kutoka dukani mpaka chini ya kitanda, kwa hivyo kuamini hakukuwa kazi. Watoto wa leo wanaiona dunia nzima kwenye kioo cha simu, na bado utawasikia wakilalamika kwamba hawana la kufanya.

Kabla ya kuondoka tulikuwa na sharti moja, tuliloliiga kwa wakubwa. Amu mtu hakufunga safari ndefu bila kuzunguka mtaa, mlango kwa mlango, kutaka radhi: kama nimekukosea nisamehe, huenda tusionane tena. Basi nasi tulizunguka. Tulimtaka radhi bibi, tukamtaka radhi Bwana Kanji huku akipima pilipili manga, tukamtaka radhi hata punda wa jirani, ambaye kusema kweli tulikuwa tumemkosea sana.

Asubuhi moja, tukiwa darasa la nne, nililikuta duka limefungwa. Bwana Kanji na watu wake walikuwa wamepanda boti ya alfajiri, na kwetu hawakupita. Mama yangu, Bi Khadija, aliyekuwa akipelekeana na mamake Hansa sahani za sikukuu, yetu na yao, aliumia sana. "Wamekwenda bila kutaka radhi," alisema, na miaka yote iliyofuata, duka lile likitajwa, alirudia maneno yayo hayo. Mimi niliingia chini ya kitanda peke yangu nikalia, na safari zetu zikaishia siku hiyo.

Nilikua, nikawa mwalimu wa jiografia. India nimeichora ubaoni mara nyingi hata mkono unaijua wenyewe, ile ncha yake ya kusini na lile bega lake la magharibi. Kila nilipoichora nilijiuliza Hansa yuko wapi ndani ya mchoro ule, na kwa nini hakuja kuniaga. Mwaka huu nimestaafu, na kitu cha kwanza nilichosema ni kwamba nakwenda.

Binti yangu Raya alinikalisha barazani na simu yake tupange. "India gani, Mama?" akaniuliza. Nikamwambia ninayoijua mimi ni moja. Akacheka, akaanza kunionyesha. Kusini kuna minazi na samaki wa kupaka nazi, ungedhani uko Pate. Kaskazini kuna theluji, kumbe Hansa hakusema uongo. Kuna jangwa lenye wanawake waliovaa nguo za vioo, kuna misikiti mikubwa na mahekalu yaliyochongwa mpaka kileleni, na lugha zinabadilika ukisafiri kidogo tu. Nilitaka kuona yote. Nilimwuliza maswali mpaka chaji ya simu ikamwishia.

Lakini moyoni nilikuwa na mpango mwingine, na nikiona haya kuutaja. Nilikusudia kushuka na kumwuliza mtu wa kwanza nitakayekutana naye iko wapi nyumba ya Bwana Kanji. Sisi watu wa visiwani ndivyo tunavyosafiri. Shuka Ndau au Kiwayu, taja jina, utapelekwa mpaka mlangoni. Mama, aliyekuwa akitusikiliza kutoka ndani, ndiye aliyeutoa nje mpango wenyewe. "Ukishuka, uliza ndia ya kwa Kanji," alisema kwa Kiamu chake, ambacho njia huwa ndia, nchi huwa nti, na kuja huwa kuya. "Ile ni nti ya watu, hakukosi amjuao."

Raya alijishika kichwa. "Bibi, huko akina Kanji ni kama akina Ali hapa."

"Basi na aanze na radhi za hapa," alisema Mama.

"Si aposti tu kwa grupu la mtaa? Watamreplai wote." Mama alimtazama kama mtu aliyependekeza sala zipelekwe kwa posta.

Kwa hivyo nilizunguka, na magoti yangu haya. Nilisamehewa makosa niliyoyakumbuka na mengine niliyoyasikia kwa mara ya kwanza. Nilipofika mtaa wa Langoni kwa Bwana Athman, mshonaji, alinisamehe bila kuinua macho kwenye cherehani, kisha akauliza nakwenda kwa nani. Nikamwambia. Akasimamisha cherehani. "Kanji wa bizari? Aniuzaye vitambaa Mombasa ni mwana wa nduguye mkewe."

Alimpigia simu mbele yangu, akampa namba ya Raya, niliyefuatana naye, na kabla sijamaliza mtaa, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu yake.

"Zena, ni mimi, Hansa." Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, lakini Kiamu kilikuwa kile cha utotoni, ambacho hata Raya hakisemi tena. "Siku ile hatukwambiwa kuwa haturudi. Baba alinena twenda Mombasa harusini. Ningekuaga vipi, nami nikidhani nitakuona kesho kutwa? Nilipofika huku watoto walinicheka, sikujua kusoma lugha yao. Yale ya tini ya kitanda nalikuwa nikitunga tu. Nti hini ni kuu, Zena, hata mimi bado siyaimaliza. Ukiya tutaiona pamoja. Na mamako, kama yu hai, nitakie radhi kwake."

Nililia pale pale njiani, watu wakipita. Nilikuwa nimemwonea uchungu maisha yangu yote mtoto ambaye hakuambiwa anakwenda wapi.

Nilimpelekea Mama simu. Akasikiliza, akaomba irudiwe, akafuta macho kwa ncha ya leso. Raya akabonyeza kidude cha kurekodi. "Sema, Bibi. Sema umemsamehe, itamfikia sasa hivi."

Mama akaisogeza simu kando. "Radhi haitakwi kwa simu," alisema. "Mwambieni aye mwenyewe, apite mlango kwa mlango, aanze na huu."

Tulimpelekea Hansa maneno hayo kama yalivyo. Akajibu kwa swali moja tu: je, yule punda naye ameacha wajukuu?

Enzi zile tulikwenda Bara Hindi kundi zima la watoto, na kabla ya magharibi kila mtu yuko kwao. Safari hii nakwenda peke yangu, na Raya anatafuta tikiti moja ya kwenda na mbili za kurudi.