Duara la Zambarau

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize. Mimi ni munganga, mtu wa sindano na vitabu, na miaka kumi na moja nilivaa kombati za jeshi. Hadithi za wafu zilikuwa zinanichosha tangu utoto. Lakini hili lilinipata mwenyewe, hapa hapa Likasi, saa tisa mchana, na tumboni sikuwa na hata tone la pombe.

Kwanza ujue kazi ya munganga wa jeshi ilivyo. Kule mbele, kwenye mapigano, wanakuletea majeruhi ishirini na wewe uko peke yako. Tulikuwa na chupa ya dawa ya zambarau, ile ya kupaka vidonda. Unachovya kidole, unachora kwenye paji la uso. Mstari mmoja, huyu aanze. Miwili, huyu anaweza kungoja. Duara, huyu muache, usimpotezee dawa. Jina hatuulizi. Ukiuliza jina, duara halichoreki.

Siku moja nilimchora duara askari mwenye pengo la meno ya mbele. Risasi ilikuwa imempata tumboni, nikasema huyu hamalizi saa moja. Jioni alikuwa bado hai. Amri ikaja tuondoke, malori yalikuwa mawili tu, na wenye duara hawapakiwi. Nilipompita akanishika suruali, akauliza, "Munganga, zamu yangu?" Nikamjibu, "Inakuya." Nikapanda lori. Basi. Sitaki kujitetea.

Nilipotoka jeshini nilirudi kwetu, nikafungua kituo kidogo cha afya mtaa wa Kikula, si mbali na soko. Vyumba viwili, ukumbi wenye benchi, na muuguzi mmoja, Mama Mbuyi, ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Mama yule husali kwa sauti na hugomba kwa sauti zaidi. Usingizi wangu ulikuwa wa kuvunjika-vunjika, lakini nikajiambia yale yamekwisha. Yangekwishaje?

Msimu wa mvua shimo la madini likaporomoka kule Kamatanda. Waliniletea wachimbaji watatu kwa pikipiki, matope mpaka ndani ya masikio, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Wawili walikuwa wanalia, na anayelia ana pumzi. Wa tatu alikuwa amenyamaza, mguu umesagika, mapigo siyasikii. Mke wake alisimama mlangoni, ameshika kiatu kimoja cha mumewe. Na mimi, niamini, sikufikiri hata kidogo. Mkono wangu wenyewe ulichovya dawa ya zambarau, ukachora duara kwenye paji la uso la yule mtu. Nikamwambia Mama Mbuyi amsogeze ukutani.

Mama Mbuyi aliniangalia sana. Alama ile hakuijua, lakini maana ya ukutani aliielewa.

Nikatoka ukumbini kuwaambia watu warudi kesho. Mwisho wa benchi alikaa mwanaume mwenye kofia, ameivuta mpaka kwenye nyusi. Mama Mbuyi alikuwa amenilalamikia juu yake mchana kutwa, kwamba kila akiitwa anasema wengine wapite, yeye atangoja. Nikamwambia na yeye aende nyumbani. Akavua kofia.

Duara lilikuwa bichi. Zambarau ilikuwa inamtiririka kuelekea puani, kana kwamba niliipaka dakika ile. Akatabasamu, nikaliona lile pengo. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati, na nguo zake zilikuwa kavu kabisa.

"Miye niko nangoya, Munganga," akasema kwa upole. "Ulisema inakuya."

Hofu ilinishika. Nilimuuliza jina. Miaka yote ile, na ndilo neno pekee lililonitoka.

"Jina utaandika siku ya zamu yangu," akasema. Akaelekeza kidevu kwenye chumba nilichotoka. "Na ule wa kwenye ukuta, naye anangoya?"

Nilikimbia. Nikamuuliza yule mke mumewe anaitwa nani, akasema Ilunga. Nikapiga magoti ukutani, nikamwita Ilunga kwenye sikio, nikaweka vidole shingoni na kungoja, kungoja ambako jeshini sikumpa mtu yeyote. Pigo moja. Nikadhani ni damu ya vidole vyangu. Halafu la pili. Tulimfanyia kazi kwa mwanga wa simu, mke akishika moja, Mama Mbuyi nyingine na sala zake. Mguu tuliukata. Ilunga hatukumpoteza. Leo anauza makala, mkaa wa kupikia, sokoni, anatembea kwa mkongojo, na kila akiniona anadai kwamba nilimwibia kiatu.

Lakini mwenye kofia hajaondoka. Mvua ikinyesha, yuko mwisho wa benchi. Mama Mbuyi humuona vizuri, humgombeza kwamba anajaza nafasi. Nimemsihi aingie. Nimemwambia, leo ni zamu yako, nimeandaa kitanda, nimefungua daftari, nitajie jina. Yeye huangalia benchi, anasema, "Bado kuko bantu." Na kweli, huwa wapo. Mama mwenye mtoto wa homa, mzee wa kifua. Mimi nawatibu haraka haraka benchi liishe, na kabla halijaisha mlango unafunguliwa tena. Siku hizi kula kwangu ni kwa kusimama. Mke wangu amechoka kunipashia chakula. Kidole changu cha shahada kina zambarau chini ya ukucha, na hakuna sabuni ya Likasi ambayo sijaijaribu.

Kwa hiyo ukija kituoni kwangu, mtu wa kofia akikupisha, pita, mshukuru, usimuulize yeye anangoja tangu lini. Na wewe mwenyewe, munganga au si munganga, chunga ulimi wako. Usimwambie mtu aliyelala chini kwamba zamu yake inakuja wakati mguu wako uko tayari kwenye lori. Anaweza kukuamini.