Mtu wa Upanga na Wale wa Nyuma Yake

Nakumbuka siku moja ya Novemba, mwanangu, mvua ya Brussels inanyesha bila haraka, nami nimeingia karakana ya michoro katika mtaa wa Ixelles nikiwaka hasira. Kaka yangu alikuwa ameuawa Kivu, kwetu Kongo. Mimi na rafiki yangu Bahati tulikuwa tumeshakata tiketi za kwenda kulipiza kisasi. Ndevu zenyewe zilikuwa za kuhesabu, lakini sikusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Nilikwenda kumuaga Tonton Déo, yaani Mjomba Déo, mkimbizi mwenzetu aliyenifundisha kuchapa picha kwa bamba la shaba. Alinionyesha picha ya kale, ya karne ya kumi na saba: bwana mwenye upanga, kofia ya manyoya, kifua mbele. Nilimpenda papo hapo, nikasema mwanamume asimame namna hiyo.

"Bon, umeona ule mukubwa," akasema. "Na bale badogo ba nyuma?"

Nikainama. Nyuma kabisa, kwa mistari myembamba kama unywele, watu wadogo walikuwa wakipigana, na mmoja alikuwa chini.

Tonton akanikumbusha kazi yetu. Shaba hupakwa nta, sindano huikwaruza, kisha tindikali hula palipokwaruzwa. Wale wadogo mchoraji aliwafunika mapema kwa vanishi, wasiliwe zaidi. Bwana wa upanga, yeye mchoraji alimrudisha kwenye tindikali mpaka akawa mweusi tititi.

"Nani alikufa pale, hakuna mwenye anajua," akasema. "Mutoto yangu naye alienda ku vita sababu ya kumuona huyu wa upanga tu. Hakurudi."

Mpaka siku hiyo sikujua kama aliwahi kuwa na mtoto. Nililia mbele yake, wala sioni haya kukuambia.

Nilibaki. Bahati alikwenda. Hata leo mama yake, anayeishi Schaerbeek, akinikuta kwenye tramu huniuliza kama nimesikia lolote. Nami hujibu, bado, Maman.

Mwanangu, hasira hasara. Ukiitwa kwenye kisasi, usimtazame aliyesimama mbele na upanga. Watafute waliofifia nyuma, maana huko ndiko utakakowekwa. Mungu akulinde, akuache uzeeke, na mama yako asiulizie habari zako kwa watu.