Kochi la Mama Mbao

Mama Mbao alisimama nje ya mlango wake mwenyewe, mfuko wa nyanya mkononi, akamsikia mumewe akidanganya.

"Hili kochi lilinitoa jasho, bosi. Hizi mbao unazoziona ni za kubebea mizigo. Nimezing'oa moja moja, nikazipiga randa, nikazipiga msasa mpaka zikalainika hivi. Pitisha mkono uone."

"Kumbe wewe Dereva ni fundi!"

"Ah, ni mkono tu, bosi. Nimezaliwa nao."

Damu ilimpanda Mama Mbao kichwani. Mume wake, ambaye watu walimwita Dereva kwa sababu ya kazi yake, hakuwahi kushika randa tangu azaliwe na huo mkono wake. Hata balbu ikiungua, anayepanda juu ya kiti ni mkewe.

Walipohamia katika vyumba vile viwili walikuwa na godoro, jiko na mabegi ya nguo. Mgeni akija alikalia ndoo iliyopinduliwa. Kochi la dukani walikuwa wakilitazama kupitia kioo na kupita. "Kesho kutwa tutanunua, mke wangu," Dereva alikuwa akisema, na hiyo kesho kutwa yake haikufika. Mama Mbao alikuwa akifagia ghala la vigae, na nyuma ya ghala zilirundikwa mbao mbovu za kubebea mizigo, zikingoja kuchomwa moto. Akaziomba, akapewa. Akazikokota mpaka nyumbani huku majirani wakivunjika mbavu, na hapo ndipo alipopata lile jina.

Benchi lake la kwanza liliyumba kama mlevi. La pili likasimama. Misumari iliyopinda aliinyoosha juu ya jiwe, na randa aliiazima kwa seremala wa mtaa wa pili, ambaye alimwonyesha jinsi ya kufuata nyuzi za ubao badala ya kushindana nazo. Ikaja rafu ya vyombo, kikaja kitanda, likaja kabati. Tenga kuukuu la matunda aliligeuza kifuniko cha taa. Kioo kilichomeguka ukingoni alikizungushia vipande vya vigae vya rangi, kikawa kitu cha kutazamwa hata na asiyejitazama.

Kochi lilikuja mwisho. Mito yake aliishindilia sponji ya godoro chakavu na nguo zilizochoka. Siku ya kuliunga, nyundo iliukosa msumari ikampiga kidole, ukucha ukawa mweusi, baadaye ukang'oka. Mama mkwe wake alikuja siku hiyo, akakunja mikono ya gauni na kumshikia upande wa pili wa ubao mpaka jioni. Dereva alikaa mlangoni akisikiliza mpira redioni, akiuliza chakula kitaiva saa ngapi.

Mama Mbao akaingia ndani. Akamsalimu bosi wa mumewe na mke wake, akachemsha chai, akawawekea vikombe.

"Una bahati, dada," mke wa bosi alimwambia. "Wangu huyu hata msumari wa kutundikia kalenda hawezi kuupiga."

Mama Mbao akacheka kwa meno tu. Alimtazama mumewe, akampa nafasi ya kujirudi. Dereva akakitazama kikombe chake.

"Basi nitengenezee la namna hii," bosi akasema. "Mbao nitaleta mwenyewe."

"Hilo limekwisha, bosi. Lihesabu limo ndani kwako."

Mama Mbao alinyamaza kwa heshima ya wageni, na kunyamaza kule kulimchoma kuliko uongo wenyewe. Walipoondoka tu, aliufunga mlango.

"Umezaliwa nao, eh?"

"Mke wangu, si yalikuwa mazungumzo tu? Mimi na wewe ni kitu kimoja. Chako changu."

"Na kidole kilichopondwa kilikuwa cha nani? Mbona hicho hukukidai?"

"Sasa ulitaka niseme nini? Niwaambie mke wangu anashika msumeno, mimi nimekaa nasikiliza redio?"

"Si ndivyo ilivyokuwa!"

Dereva akapunguza sauti, akaleta ile ya kubembeleza. "Litengeneze tu, nani atajua? Fanya hili la mwisho."

"Umeahidi wewe. Tengeneza wewe."

Mbao za bosi zikaletwa, nzuri, zimenyooka. Dereva aliziacha uani akidhani hasira za mkewe zingepoa. Hazikupoa. Mama Mbao alizivuka asubuhi akienda kazini, akazivuka jioni akirudi, kama mtu anayeruka dimbwi. Bosi alipoanza kuulizia kochi lake kila wakionana, Dereva akachukua msumeno. Alikata miguu minne, mmoja ukawa mfupi. Akaikata mingine ili ilingane, ikawa mifupi kupita ule wa kwanza. Akarudi kwenye ule wa kwanza. Kwa mwendo ule kochi lingeishia kuwa mkeka. Mbao nyingine zilipasuka kwa misumari aliyoigongelea ukingoni kabisa.

Akaenda kumwita mama yake.

Mama mkwe alifika mchana, akaketi juu ya kitanda karibu na Mama Mbao. Walipendana hao wawili, na ndiyo maana maneno yake yaliuma.

"Mwanangu, mfichie mwenzio aibu. Ni mumeo."

"Mama, wewe? Wewe uliyenishikia ubao kwa mikono yako? Watu wote wangeniambia hivyo ningewaelewa, si wewe!"

Bibi yule akafuta magoti kana kwamba kuna vumbi. "Ile nyumba yetu ya zamani, kuta zote nilizikandika mimi. Udongo nilichota mimi, nikaukanyaga na mimba tumboni. Mpaka leo watu wanasema ni nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu. Sikuwahi kubisha."

"Na haikukuuma?"

Mama mkwe akaacha kufuta magoti. "Iliniuma," alisema. Kisha akalirudia neno kwa ukali, kama aliyelisikia kwa mara ya kwanza. "Iliniuma sana! Aliwahi kunikaripia mbele ya wageni kwamba nimeegemea ukuta wake nitauchafua!"

Tangu hapo Mama Mbao akawa na hasira ya watu wawili. Dereva aliporudi alimkuta amesimama. "Kesho tunakwenda kwa bosi. Utasema wewe au nitasema mimi."

Walikwenda. Njiani Dereva aliapa kwamba atasema. Walipokaribishwa ndani akakohoa, akasugua viganja. "Bosi, zile mbao ulizoleta... sijui nisemeje... zilikuwa na kasoro kidogo..."

"Mbao hazina kasoro!" Sauti ya Mama Mbao ilimshtua hata mwenyewe. "Mbao nzuri ameziharibu. Hajui kukata, hajui kupima. Kochi ulilolikalia kwangu nimelitengeneza mimi, na kitanda, na kabati, na ile taa mliyoiona. Mimi. Yeye alikuwa akisikiliza mpira."

Bosi akamgeukia Dereva. "Kweli?"

Dereva akatikisa kichwa kukubali. Bosi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akakumbuka mbao zake na kicheko kikakatika. Mkewe hakucheka kabisa. Alimshika Mama Mbao mkono akamwinua kitini. "Njoo upime pale dirishani. Zilizobaki zitatosha?"

"Kochi la watu watatu halitoki. La wawili litatoka."

"Basi la wawili."

Habari ilifika kazini kabla ya Dereva. Wenzake wakaanza kumwamkia "Fundi", wengine wakimletea viti vya ofisini vilivyolegea. Akarudi nyumbani amevimba.

"Umenivua nguo mbele za watu!"

"Nguo zilikuwa zangu. Nimezichukua."

Siku nyingi hawakusemezana zaidi ya chumvi na funguo. Mama Mbao alifanya kazi uani baada ya zamu yake, na mama mkwe akija kumshikia mbao. Mpita njia yeyote aliyetupa jicho alitangaziwa kwa sauti ya juu, bila kuuliza: "Anatengeneza mkwe wangu! Mwenyewe!"

Jumapili moja Dereva alitoka ndani, akazunguka zunguka, akaokota kipande cha msasa, akakirudisha. "Nilikosea," alisema akitazama ukuta. Kisha akasema, "Nifundishe basi."

"Siku nyingine," Mama Mbao akamjibu bila kuinua kichwa. "Leo bado nina hasira."

Dereva alimtazama mama yake. Mama yake akautazama ubao. Hapo akachukua ufagio, akaanza kufagia maranda yaliyotapakaa uani. Alifagia vibaya, akaacha rundo zima nyuma ya pipa la maji. Mama Mbao akamwonyesha kwa kidevu, akaendelea na randa.