Macho Mekundu Katika Vitabu Ninavyosoma

Tangu nistaafu nimesoma riwaya nyingi za mambo yasiyokuwepo. Nyingine nazinunua kwa mchuuzi wa vitabu vilivyotumika karibu na stesheni ya Tabora, nyingine naletewa kwenye simu, sehemu kwa sehemu. Zile za nchi za kubuni, zenye wanyama wanaosema na milima inayohama, nazipenda. Huniudhi tu mwandishi anapojenga mji mzima bila kutuambia watu wake wanachota maji wapi. Mtu wa Tabora hasahau swali hilo.

Za uchawi ni jambo jingine. Zina ustadi, zinakimbia, na wengi wanaozitunga huapa kwamba ni visa vya kweli. Lakini mchawi wao ni yule yule: bibi kizee, mjane, macho mekundu. Nilisoma kadhaa bila kuliona hilo. Nilipaswa kuliona, maana dada yangu mkubwa anaishi kijijini huko Nzega, ni mjane, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe anavyopikia. Huku kwetu wapo wanawake waliouawa kwa sababu ya macho kama hayo.

Badala yake nilimpelekea mke wa mwana wa dada kimojawapo cha vitabu hivyo. Anapenda kusoma, nikaona nimempa zawadi.

Niliporudi Nzega baada ya mavuno, nilimkuta dada akipika peke yake nyuma ya zizi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na kingine?"

"Kingine nini?"

"Kitabu. Kile cha kwanza kimenihamisha jiko. Cha pili kitanihamisha kijiji."

Alicheka, mimi sikuweza. Akanieleza kwamba mkwewe alikuwa akiwasomea majirani. Walianza kwa mzaha kumwita jina la yule bibi wa kitabuni, kisha mzaha ukaisha, na wajukuu wakakatazwa kula chakula chake.

Nilimwendea yule mkwe nikamwambia kosa ni langu, na kwamba aliyekitunga hajawahi hata kufika kijijini kwao. Akajibu kwa heshima, akitazama chini: "Mjomba, wewe ndiye umesoma. Mbona uliniambia ni kizuri?"

Nilisema hivyo kweli, na kilikuwa kizuri.

Nikamwomba dada twende wote Tabora.

"Nikiondoka watasema nimekimbia," akasema. "Kaa ule."

Niliketi katikati ya ua, mahali pa kuonekana, nikala ugali na mlenda wake. Mkwewe na majirani wawili walikuwa wakipukuchua mahindi. Mikono yao ilisimama.

"Kula polepole," dada akaninong'oneza. "Wanataka kuona kama kesho utaamka. Na wewe ulivyo mvivu, usije ukalala mpaka saa nne ukaniua."

Niliamka alfajiri, nikafagia ua makusudi ili nisikike. Jua lilipopanda, mkwewe alikuja na kigae mkononi, akasema, "Shikamoo, mama," akaomba kaa la moto. Dada akampa.

Chakula chake wajukuu bado hawajaruhusiwa kukigusa. Naenda Nzega kila mwezi kukila.