Mti Ulioinama

Kwenye kitalu cha miche hapa Uriri kuna mti mfupi wenye matawi yanayoning'inia hadi chini, yamejaa maua ya waridi. Nimeunusa, na mawazo yakanirudisha utotoni, kwetu Sori kando ya ziwa.

Jirani yetu mwalimu alikuwa na mti kama huo. Binti yake alicheza ndani ya matawi yale kama chumbani, na mimi hakuniita hata siku moja. Basi nikachukua vijiwe vya kuzamishia nyavu za baba, nikavifunga kwenye matawi ya mpera wetu ili nao uiname.

“Nyathina, mwanangu, mpera umekukosea nini?” mama akauliza.

“Hauna maua kama ule wa mwalimu.”

Akavifungua kimoja kimoja. Tawi moja lilikuwa limeshavunjika.

“Utaupanda wapi, madam?” muuza miche ananiuliza.

“Karibu na uzio. Mahali ambapo jirani atauona.”