Money order ya "Nyar Asembo": mzee wa taipu aliyeokoa Form One yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisumu. Leo nimefunga duka mapema niandike kitu ambacho kimenikaa moyoni miaka mingi.

Ni ya kweli tupu. Mama yangu amekaa hapa kando yangu, na nikiongeza chumvi atanirekebisha kwa sauti.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Baba alikuwa koplo jeshini. Sisi tulikaa mtaa wa Manyatta hapa Kisumu, mama na watoto wanne, mimi binti mkubwa. Baba alizoea kuja likizo na pesa mfukoni, anampa mama, basi. Hakuna karatasi.

Halafu akapelekwa nje ya nchi kulinda amani, mwaka mzima. Kabla ya kuondoka akajaza fomu kambini ili sehemu ya mshahara imfikie mama kila mwezi kwa money order, ile hawala ya posta.

Sasa sikieni kosa lilipoingia.

Kwetu Wajaluo, mwanamke akiolewa huitwa kwa jina la kwao. Mama alitoka Asembo, kwa hiyo ni Nyar Asembo, yaani binti wa Asembo. Baba alimwita hivyo, nyanya alimwita hivyo, hata muuza mboga za sukuma alimwita hivyo. Na baba yangu, Mungu ambariki, akaandika kwenye fomu ya serikali, pale pa jina la mke: NYAR ASEMBO.

(Msicheke bado.)

Kitambulisho cha mama kilisema Perpetua Anyango.

Tulipofika posta, karani wa dirishani akasoma, akatazama, akasoma tena.

"Mama, hii pesa ni ya Nyar Asembo. Wewe ni Perpetua."

"Nyar Asembo si ni mimi! Uliza mtu yeyote."

Jamaa mmoja nyuma yetu akasema, "Hata bibi yangu ni Nyar Asembo. Basi mnipatie mimi." Foleni nzima ikacheka. Mama hakucheka.

Simlaumu yule karani hata kidogo. Asembo ina mabinti wengi.

Mwezi wa pili, hivyo hivyo. Mama akauza kuku, kisha redio. Na mimi nilikuwa nimeshapata barua ya kuitwa Form One. Ada isipolipwa kufikia siku ya kuripoti, nafasi inapewa mwingine.

Mama akaanza kuniambia kwa upole kwamba labda niende Sondu kwa shangazi, "upumzike kidogo". Wakuu, nilijua maana yake. Binamu yangu alienda kupumzika hivyo hivyo, na darasa hakuliona tena. Nililia mpaka macho yakavimba.

Mwezi wa tatu tukakataliwa tena. Mama akatoka akajitupa kwenye ngazi za posta akifoka peke yake, karibu na wale wazee waliokuwa wakipigia watu barua kwa taipureta. Mmoja, miwani yake imefungwa kwa uzi, akasimamisha kazi.

"Mama, bwana yako ni askari?"

"Umejuaje?"

"Hasira ya namna hiyo naijua. Ni ya bibi ya askari."

Kumbe alikuwa karani wa mishahara jeshini kabla ya kustaafu. Mama akamweleza yote, mpaka habari ya Sondu. Mzee akachomeka karatasi kwenye mashine.

"Nipe namba yake ya jeshi."

Mama alijua mpaka saizi ya viatu vya baba, lakini namba hakuijua.

Mimi niliijua. Baba aliacha nyumbani sanduku lake la chuma, namba imepakwa rangi nyeupe kwenye kifuniko, na sanduku hilo ndilo lilikuwa meza yangu ya homework. Nikaitaja yote bila kupumua.

Mzee akaniangalia juu ya miwani. "Na huyu ndiye anaambiwa aende kupumzika?"

Akapiga barua. Akatutuma kwa chifu tulete karatasi ya kuthibitisha kwamba majina mawili ni mtu mmoja. Alijua mpaka dawati ambalo bahasha ile ingefikia.

Zikiwa zimebaki siku mbili niripoti shule, pesa zikaja zote, kwa jina la Perpetua Anyango. Mama alipiga vigelegele ndani ya posta, na yule karani wa dirishani akapiga makofi.

Mzee alikataa malipo. Alitoa sharti moja tu: kila mwezi mama akitoka dirishani, asipite sokoni kabla ya kumpitia yeye.

"Hii mshahara iko na watu watatu," akamwambia. "Askari, nyumba, na huyo askari siku atavua kombati astaafu."

"Huyo wa tatu bado hajazaliwa, Mzee."

"Atazaliwa, Mama. Na atakuja na njaa."

Akamrudisha ndani kufungua kitabu cha akiba. Miezi mingine mama aliweka kidogo mpaka akaona aibu. Mzee hakumcheka hata siku moja.

Baba aliporudi, mama akamwekea kile kitabu mezani. Akasoma jalada, akauliza kwa uso mkavu kabisa, "Perpetua ni nani?"

Mpaka leo tunamcheka. Lakini alipofungua kurasa akazisoma moja moja mpaka ya mwisho, kisha akasema, "Asante, Perpetua." Sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo mdomoni mwake.

Alipovua kombati miaka ya tisini, akiba ile ilinunua mashine ya kusaga unga kule Bondo. Ikasomesha wadogo zangu wote.

Kwa hiyo wewe mwenye mwenzako jeshini: hakikisha jina lako limeandikwa kama kwenye kitambulisho, ijue namba yake, na yule wa tatu anza kumlisha mapema.

Sasa sababu hasa ya uzi huu. Juzi mama alinituma niitafute familia ya yule mzee, tuwapelekee shukrani. Nikaenda posta. Wapiga taipu hawapo tena. Nikauliza wazee wa hapo, nao wakaniuliza, "Aliitwa nani?"

Sikulijua.

Sisi tulimwita Mzee Taipu. Pamoja na yote tuliyotendwa na jina, hatukuwahi kumuuliza lake. Nimeona haya, wakuu.

Kama ni babako au babu yako, tafadhali andika hapo chini. Jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho.